Dakika Tano za Kijiwe

Kwenye kona ile, barabara kuu inapokutana na njia ya kwenda stendi, kuna benchi refu la mbao lililoegemea vibanda viwili. Cha kushoto ni cha Fundi Saa. Cha kulia, chenye kufuli tangu wiki tatu zilizopita, ni cha fundi viatu ambaye kijiwe kizima kilimwita Taratibu. Juu ya benchi, katikati ya vibanda, imetundikwa saa kubwa ya ukutani, na saa hiyo iko mbele kwa dakika tano. Si mbovu, msije mkamsingizia fundi wa watu. Iliwekwa hivyo kwa makubaliano, miaka sita iliyopita, ili wanakijiwe wasinogewe na kahawa wakalikosa basi la saa moja na robo. Mgeni akiitazama anashtuka, anaondoka mbio na kikombe hajakimaliza. Mwenyeji anaitazama, anatoa tano kichwani, anaagiza kikombe cha pili.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi gazeti lilikuwa na habari za mbio ndefu za mji. Aliyelisoma kwa sauti ni Wembe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, taulo la kazi likiwa bado begani.

—Wamepunguza muda tena! Mwakani watu wanaanza saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, lakini mwisho si saa saba mchana. Mwisho saa sita na nusu. Ikipita hapo, wewe si mkimbiaji tena, wewe ni mpita njia tu.

—Na basi la huruma? akauliza Mama Kahawa, huku anamimina.

Basi la huruma ni jina la pale pale kijiweni. Ni lile basi linalotambaa nyuma ya mkimbiaji wa mwisho, likiwazoa waliopitwa na muda. Mtu anapanda kichwa chini, anavuliwa namba kifuani, anapewa chupa ya maji.

—Basi lipo, akasema Wembe. Labda mwakani yatakuwa mawili, kwa hesabu hii.

—Mimi nawaelewa waandaaji, akasema Bima.

Bima aliacha kuuza bima zamani sana, lakini tai hakuiacha, na mazoea ya kuwaelewa wakubwa hakuyaacha vilevile.

—Unawaelewa nini? akauliza Wembe.

—Moyo, ndugu yangu. Moyo una idadi ya mapigo. Sisi kazini tulikuwa na vitabu vyake. Mtu akikimbia zaidi ya saa saba, anakula mapigo ya mwaka unaofuata. Wanamsimamisha kwa faida yake.

—Acha hizo! Wembe akacheka. Mimi nimewanyoa wale waandaaji, najua. Shida ni picha. Wanataka mstari wa mwisho uonekane na watu wenye miguu mirefu na meno meupe. Sasa saa sita na dakika hamsini anaingia mzee ana kitambi, soksi moja imeshuka, analia. Picha gani hiyo?

—Hiyo ndiyo picha, akasema Mama Kahawa. Mimi ningeitundika.

—Nyie hamjui, akasema Bima. Kuna mji mmoja, sitautaja, waliacha muda wazi. Mtu mmoja akakimbia siku tatu. Watu wakamsahau. Akafika mstari wa mwisho akakuta pamejengwa benki.

—Muongo wewe!

—Kabisa! Akapita katikati ya foleni, akamaliza dirisha namba mbili.

Wakacheka wote, isipokuwa Fundi Saa. Yeye alikuwa mlangoni pa kibanda chake, lenzi jichoni, saa ya kike imefunguliwa kwenye kitambaa mbele yake. Tangu gazeti lifunguliwe hajageuza skrubu hata moja.

—Mnacheka, akasema Mama Kahawa, na mwenzenu alipandishwa basi hilo hilo mara nne.

Kicheko kikafa. Jina halikutajwa, lakini macho yote yalikwenda kwenye lile kufuli.

Taratibu alikuwa fundi viatu wa wakimbiaji. Nusu ya soli zilizopita barabara ile siku ya mbio zilipitia mikononi mwake, na wenye viatu walikuwa wakirudi Jumatatu na medali shingoni kumwonyesha. Akazitamani. Akiwa na miaka hamsini na nne akaanza kukimbia mwenyewe, alfajiri, kwa mwendo ambao mbwa wa mtaa walichoka kumfukuza wakawa wanamsindikiza. Kabla ya mbio zake za kwanza alipigilia msumari ukutani ndani ya kibanda, juu ya meza yake. Ole wake mteja atakayetundika koti hapo! "Hapo pana mwenyewe," alikuwa akisema. "Anakuja." Miaka minne, na msumari uko vile vile.

—Lakini mwaka huu alikaribia, akasema Wembe kwa sauti ya chini. Jamani, si alifika hapa? Hapa ni kilomita ya thelathini. Kamba ya kuwazuia waliochelewa inafungwa saa tano kamili, yeye akafika saa tano na dakika tatu. Dakika tatu! Mimi kumpaka mtu sabuni tu kunachukua zaidi.

—Alizipoteza wapi hizo tatu? akauliza Bima. Mimi nimefikiri sana. Nadhani ni figo. Ugonjwa uliomchukua ulikuwa umeshaanza kumla, daktari alisema mwenyewe.

—Ni viatu, akasema Wembe. Alikuwa na pea nzuri akampa mwalimu mmoja wa kike usiku wa kuamkia mbio, kwa sababu vya huyo mwalimu gundi ilikuwa haijakauka. Akakimbilia vya zamani. Ndiyo tabia yake.

—Ni ile meza ya maji ya kilomita ya ishirini, akasema Mama Kahawa. Mpwa wangu alikuwa pale. Anasema Taratibu alisimama kuwasalimia wote, mmoja mmoja, akauliza na hali za nyumbani.

—Mimi nasema ni upepo, akasema tena Bima.

—Upepo ulikuwa wa nyuma!

—Ndiyo! Ukampitiliza kwenye kona, akarudi.

Walikuwa wakitania kwa sababu kunyamaza kulikuwa kugumu zaidi. Fundi Saa alijua hilo, na bado kila neno lilimchoma. Wenzake walikuwa wakizitafuta zile dakika tatu barabara nzima, na yeye alikuwa amezikalia.

—Wa kulaumiwa ni huyu hapa, akasema Wembe, akimwelekezea Fundi Saa gazeti lililokunjwa. Ulikuwa na kamba mkononi, fundi. Ungeinyanyua tu kidogo, swahiba wako akapita chini.

—Mwache! akasema Bima. Sheria ni sheria. Mimi siku ile nilimheshimu fundi kuliko siku zote. Wakati ulipofika alifunga, hata kwa swahiba wake. Wangapi wanaweza?

—Hilo kweli, akasema Mama Kahawa. Mtu wa saa ni mtu wa saa.

Fundi Saa akavua lenzi akaifuta. Haikuwa na vumbi.

Ukweli wenyewe ni huu, na alikuwa nao peke yake kwa wiki tisa. Asubuhi ya mbio, saa ya umeme ya waandaaji iligoma kuwaka. Bwana mmoja mwenye fulana ya manjano akaja anahema: "Mzee, si wewe ndiye fundi saa? Tupe saa." Wakamvisha na yeye fulana ya manjano, wakampa filimbi na ncha ya kamba. Kwa muda wa miaka thelathini watu walimjia kwa dharau, saa imesimama, fundi gani wewe, na leo mji mzima unasimama kwa neno lake! Kichwa kikavimba. Hakuingia ndani kuchukua ile ndogo ya mezani, ambayo haikosei hata nukta. Alinyoosha mkono juu ya benchi akaangua ile kubwa, ionekane na watu, akaisimamisha kwenye kiti katikati ya kona. Saa ya kijiwe. Miaka sita alikuwa akitoa tano kichwani bila kufikiri, na siku moja aliyotakiwa kutoa, hakutoa.

Ilipogonga tano akapuliza filimbi, akavuta kamba. Mwanamke mmoja mnene akafika analalamika, "Bado! Saa yangu bado dakika tatu!" Yule bwana wa fulana akamcheka: "Kila anayechelewa saa yake husema bado, mama." Kisha akatokea Taratibu, anayumba, jasho limemkaukia chumvi usoni. Yeye hakuwa na saa mkononi. Hakuwahi kuvaa. "Nina fundi mzima," alikuwa akisema, "saa ya nini?" Akashika kamba kwa mikono miwili. Akatazama ile saa kwenye kiti. Akamtazama Fundi Saa na ile fulana yake ya manjano. Halafu akatabasamu akasema, "Funga, fundi. Usije ukagombezwa bure." Akapanda basi.

Mchana, fundi anairudisha saa ukutani, redio ya Wembe ikatangaza saa nane kamili. Yake ilisema nane na dakika tano. Alikaa kwenye benchi hili hili akapiga hesabu mara kumi, na mara zote kumi rafiki yake alikuwa amefika na dakika mbili mkononi.

Akajiambia atamwambia Jumatatu. Jumatatu Taratibu hakuja. Jumatano alikuja, akacheka, akasema mwakani Mungu akipenda, na fundi akajisemea, mwakani akishamaliza, medali iko msumarini, ndipo nitamwambia, tucheke wote mpaka kahawa itupalie. Wiki ya nne Taratibu akalazwa. Wodini mtu anamwambiaje mgonjwa kitu kama hicho? Wiki ya sita hapakuwa na wa kuambiwa.

—Hodi hapa. Shikamooni.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mkoba begani, ufunguo mkononi. Walimwona mara moja tu, msibani, lakini paji la uso la baba yake lilimtambulisha. Wote wakasimama.

—Marahaba, mwanangu! Mama Kahawa akampokea mkoba. Pole, pole tena. Kaa, unywe chochote.

—Ahsante, mama. Nimekuja kutoa vitu vya baba tu. Mwenye kibanda anakitaka. Halafu nawahi basi la saa tatu, kesho alfajiri naingia zamu hospitali.

Akafungua kufuli. Harufu ya gundi na ngozi ikatoka nje, ikawapita wote pale benchini, na Wembe akajifanya anakohoa. Walimsikia akisogeza vitu ndani. Hakukaa sana. Akatoka na mfuko wa nyundo na sindano, na kifuani amekumbatia pea ya viatu vya kukimbilia, soli zimeliwa upande mmoja.

—Baba zangu, ule msumari juu ya meza ni wa nini? Umepigiliwa vizuri, umezungushiwa na rangi, halafu hauna kitu.

Wakatazamana.

—Wa medali, akasema Fundi Saa. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

—Aa. Akaviangalia viatu. Alinipigia simu siku ya mbio jioni. Alikuwa anacheka. Akaniambia, mwanangu, nimechelewa dakika tatu tu, hebu fikiria, tatu! Nikamwambia baba, umri huo pumzika. Ningejua nisingemwambia vile.

—Ulisema kama mtoto anayempenda baba yake, akasema Mama Kahawa.

Binti akapangusa jicho kwa kiganja, akainua uso, akaiona saa ya ukutani.

—Mungu wangu, tatu kasoro tano! Nimeachwa!

Akatoa simu haraka. Akaitazama, akaitazama saa, akarudia simu.

—Mbona simu inasema kasoro kumi? Hii saa yenu iko mbele?

—Hiyo? Wembe akacheka, akafurahi kupata la kusema. Hiyo usiiogope, iko mbele makusudi. Dakika tano. Kila mtu hapa anajua. Tuliisogeza tusiwe tunachelewa basi, tangu miaka... tangu...

Aligeuka polepole kumtazama Bima, na Bima alikuwa tayari anahesabu, vidole vimeshika tai.

—Siku ile kwenye kiti, akasema Bima. Ile saa kwenye kiti...

—Nyamaza, akasema Mama Kahawa.

—...ilikuwa hii.

—Nyamaza, Bima!

Lakini lilikuwa limeshatoka. Fundi Saa akasimama. Akashika mlango wa kibanda chake.

—Ilikuwa hii, akasema. Mwanangu, baba yako hakuchelewa. Alifika saa tano kasoro dakika mbili. Mimi nilifunga kabla ya wakati. Niliitoa saa hii kwa majivuno, nikasahau kuirudisha nyuma. Nilijua siku ile ile mchana, na nilikuwa na wiki sita za kumwambia, sikumwambia. Nilisema nitamwambia mwakani.

Basi la stendi likapita, likapiga honi kwa mazoea, hakuna aliyeinua mkono.

Binti hakupiga kelele. Laiti angepiga, ingekuwa nafuu. Aliviweka viatu vizuri zaidi kifuani, kidole kikawa kinapapasa soli pale ilipoliwa.

—Kwa hiyo baba amekufa akiamini alichelewa, akasema.

—Ndiyo, akasema Fundi Saa. Ndilo linaloninyima usingizi. Nilimwacha afe na uongo wangu.

—Siyo, akasema Mama Kahawa.

Alisema bila kukusudia, na mara akaonekana anajuta, lakini binti alishamgeukia.

—Siyo nini, mama?

Mama Kahawa akaweka birika chini.

—Mwanangu, aliyetaka saa isogezwe mbele ni yeye. Baba yako. Yeye ndiye alikuwa analikosa lile basi la saa moja na robo kila siku, na mwendo wake ule. Alipanda juu ya benchi hili, fundi akamshikia miguu, akausogeza mshale kwa kidole chake mwenyewe. Sisi tulipiga makofi.

Fundi Saa akafumba macho. Hilo alilikumbuka wiki zote tisa, na wiki zote tisa alilikwepa. Alikuwa akijiambia kwamba mtu aliyekimbia kilomita thelathini haoni saa, anaona nyota. Lakini Taratibu aliiona. Aliitazama ile saa, akaitazama fulana ya manjano, akatabasamu. Usije ukagombezwa bure.

—Kwa hiyo alijua, akasema binti.

Mama Kahawa akaitikia kwa kichwa.

—Alisimama hapa, ameshika kamba, anajua ana dakika mbili. Anajua saa ni ya kwenu. Miaka minne anautazama ule msumari. Basi mbona hakusema?

Wembe akatazama ndara zake. Bima akalegeza tai. Mama Kahawa akachukua kikombe kisafi akainamisha birika ammiminie, yakatoka matone mawili, akalirudisha mahali pake. Fundi Saa alifungua mdomo, na kila alichotaka kusema kilikuwa ni cha kujitetea, akaufunga.

—Basi lako, mwanangu, akasema Mama Kahawa hatimaye, kwa upole. Saa tatu hii.

—Liende tu, akasema binti.

Akakaa mwisho wa benchi, upande wa kulia, pale pale alipokuwa akikaa baba yake, akavilaza vile viatu mapajani, akasubiri wamjibu.